Ukurasa Ambao Sikuuandika

Mume wangu alirudi nyumbani Jumatatu asubuhi, siku ya thelathini na tatu tangu tumzike, na neno la kwanza alilotamka lilikuwa "Mchome."

Nasema alirudi kwa sababu ndivyo watu wa Tabora wanavyosema siku hizi. Mwangwi wa marehemu ukishakabidhiwa kwa familia, majirani huambiana, "Fulani karudi," halafu wanaendelea na shughuli zao. Aliyemleta wangu alikuwa mama mmoja mpole wa Idara ya Ufutaji, Bi Nyanzala. Aliuunganisha mwangwi kwenye meza yetu ya mchezo pale sebuleni, akanipa pole, akaniomba dole gumba kwenye karatasi, akaenda zake.

Nikakaa kwenye kiti changu, kiti cha msimulizi. Nikamwita, "Mrisho." Kimya. Nikamwambia kwamba ushirika wamempa mtu mwingine kazi yake ya kupima asali, na kwamba huyo mtu hajui kitu, anaonja kwa kijiko cha bati. Mrisho niliyemjua angeamka kaburini kwa habari hiyo. Kimya. Nilikaa nusu saa nikizungumza na mbao. Mwishowe hasira zikanipanda, nikachukua dadu zilizokuwa pembeni nikazitupa mezani, sikutaka kucheza, nilitaka kutupa kitu tu.

"Mchome!" ikasema meza. "Mchome kabla hajageuka!"

Ilikuwa sauti yake hasa, ile ya kukwaruza inayomjia baada ya saa tatu za mchezo. Nikatupa tena. "Piga miguu! Miguu, Lukanga, miguu!" Nikatupa tena na tena, nikilia, hadi mkono ukachoka, na kila nilipotupa mume wangu alipigana.

*

Inabidi nieleze, maana kosa ni langu na sitaki lionekane la mashine.

Ni miaka kumi na tisa sasa tangu ipite Sheria ya Ufutaji. Kabla yake sauti za wafu zilikuwa zimegeuka janga, marehemu wanapiga simu kuomba msaada, marehemu wanashuhudia mahakamani, mjane anaposwa na mumewe mwenyewe aliyeoza. Ndipo ikaamriwa kwamba mtu akifa, kila rekodi yake ifutwe ndani ya siku arobaini, isipokuwa iliyo ndani ya kazi ya sanaa. Kazi ya sanaa huenda maktaba ya umma, anayetaka asikilize, na familia hupewa mwangwi uliofundwa kutokana nayo.

Waimbaji walikuwa na nyimbo zao. Sisi wengine tulikuwa na nini? Ndiyo maana watu walikimbilia michezo ya mezani, hii ya watu wanne watano kuketi pamoja, kila mmoja akawa mhusika, msimulizi akawaongoza katika hadithi, na dadu zikaamua lisilojulikana. Mahakama ilishasema mchezo wa namna hiyo ni sanaa, mradi tu uwe na kitabu cha kanuni. Mimi, Kabula binti Ngassa, niliandika kimoja. Kinaitwa *Misafara*. Kinachezwa kwenye meza elfu tisini, Kigoma hadi Mombasa.

Meza ina sikio. Sikio lina mifuko miwili. Mfuko wa kwanza huchukua kila kinachoguswa na kanuni, na katika *Misafara* kanuni huanza dadu zinapoanguka na huisha jambo linapoamuliwa. Mfuko wa pili huchukua yaliyobaki, kwa kuwa sikio lazima liwe macho ili lizisikie dadu, lakini mfuko huo umetiwa lakiri na hakuna mwenye ufunguo. Kinachotoka kwenye mfuko wa kwanza ni sanaa. Wa pili ni porojo za watu, na mtu akifa hufutwa.

Mwangwi hujifunza maneno, na hujifunza pia wakati wa kuyasema. Mwangwi wa Mrisho ulijifunza kwamba Mrisho husema dadu zikianguka.

Tulicheza kila Jumamosi mchana kwa miaka sita. Saa zipatazo elfu moja na mia moja. Mfuko wake wa kwanza ulikuwa na dakika arobaini na saba.

*

Yeye alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara na kujua njia. Katika kitabu changu kirangozi hupewa mkuki na ngao. Mrisho hakuushika ule mkuki ila alipobanwa kabisa. Akifika kwa mtoza hongo wa milki fulani, yule anayedai ushuru wa kupita, ataketi chini, ataomba maji, atauliza habari za mvua, atamsifia mbuzi wake, na baada ya saa mbili mtoza hongo, yaani mimi, anajikuta amewapa msafara unga wa njiani na bado anaona aibu kwamba ni kidogo.

"Mke wangu," aliniambia Jumamosi moja, kitabu mkononi, "hiki kitu kina kurasa themanini na mbili. Za mapigano ni sitini na moja. Kuna ukurasa mzima wa namna ya kuanguka kutoka juu ya punda."

"Watu huanguka."

"Za kuongea ni ngapi?"

"Unajua ni ngapi."

"Nataka useme mbele ya shahidi." Shahidi alikuwa Lukanga, fundi cherehani wa mtaa wa pili, rafiki yake tangu utotoni, mwenzetu mezani toka siku ya kwanza. Alikuwa akitafuna karanga na kutuangalia kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Hakuna hata mmoja," nikasema.

"Basi. Mgeni akikifungua ataona huu ni mchezo wa kuuana, na hadithi ni njia ya kumfikisha kwenye kuuana kwingine."

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Hadi leo sijapata mtu wa kulivunja. Nilimwambia kwamba ngumi zinahitaji kanuni kwa sababu siwezi kumpiga pale sebuleni nikaona nani ataanguka, lakini maneno hayahitaji, maneno tunayo. "Unataka kumbembeleza mtoza hongo? Mbembeleze. Siku nitakapoweka dadu katikati ya maneno, utaacha kubembeleza. Utasema, 'Nambembeleza, nimepata kumi na saba,' na hadithi imekufa hapo hapo. Sijaacha kuandika kwa kuwa sipendi hadithi, Mrisho. Nimeiacha huru."

"Shemeji kakupiga bao," akasema Lukanga.

"Hajanipiga." Mrisho hakuwa akicheka. "Kabu, mtu hukiandikia kanuni kile anachokijali. Sikio nalo linafuata kitabu. Wanaocheza huu mchezo wako wanataka kubaki. Watabaki na nini?"

"Niandikie wewe basi, tuone."

"Mimi ni mpima asali. Ukurasa mmoja tu nakuomba. Hata usiwe na dadu. Sema tu kwamba mtu akiketi na mwenzake wakasemezana kwa nia, hilo nalo ni mchezo."

"Kwani unakufa kesho?" nikamwambia.

Akacheka, na mimi nikacheka, na Lukanga akapaliwa na karanga. Tuliurudia ugomvi huo mara nyingi baada ya hapo, kila mara nikiwa na maneno makali zaidi, na kila mara nikishinda. Kufa hakufa kesho yake. Alikufa miaka miwili baadaye, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kati ya mapipa mawili ya asali, moyo tu ulisimama. Ule ukurasa nilikuwa bado sijauandika.

*

Siku ya thelathini na tano nilimwendea Bi Nyanzala ofisini kwake. Nilimwambia wamenipa mtu mwingine.

Hakubisha. Nadhani wote wanaoingia mle husema hivyo. Alifungua faili, akalisoma polepole, kisha akavua miwani.

"Mtunzi wa kanuni ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Basi unayo nafasi ambayo wengine hawana. Mtunzi anaruhusiwa kutoa tafsiri. Ukitamka kwa maandishi kwamba katika mchezo wako mazungumzo ni sehemu ya kanuni, na yalikuwa hivyo tangu mwanzo, mfuko wa pili unakuwa sanaa. Lakiri inavunjwa. Marehemu anafundwa upya kwa saa zote alizozungumza."

"Zote elfu moja na mia moja?"

"Zote. Ila nikwambie, dada, tafsiri haiwi ya mtu mmoja. Itakuwa ya *Misafara*. Meza zote, wafu na walio hai. Na sanaa, unajua, inakwenda maktaba."

"Watu walisema vile vitu wakijua hawasikiki."

"Ndiyo," akasema. "Walijua kwa sababu ya kitabu chako." Hakusema kwa ubaya. Alinisukumia fomu, akanionyesha mahali pa kujaza, akanikumbusha kwamba siku ya arobaini saa sita mchana mfuko wa Mrisho utafutwa, na hilo halina rufaa.

*

Lukanga alikuja Alhamisi baada ya kazi, uzi bado umemganda kwenye shati. Sijui nani alimwambia. Tabora ni mji mkubwa siku hizi lakini habari bado zinapita uani.

Aliketi kwenye kiti chake, kile cha upande wa dirisha. Nilimwekea karanga. Alizimenya moja moja akazipanga mezani, hakula hata moja.

"Fungua, shemeji," akasema. "Nimekuja kukwambia hilo tu. Usinifikirie mimi."

Nilijua anasema nini. Mwaka wa tatu wa mchezo, msafara ulifika kwenye daraja, na kirangozi akamuuliza mlinzi wa daraja kama ana watoto. Ni swali la kupitisha muda tu. Mlinzi nilikuwa mimi, lakini aliyejibu alikuwa Lukanga, na hakujibu kama mhusika wake. Alisema ana mmoja, Jilala, na Jilala si damu yake. Alilijua hilo tangu mtoto ana wiki moja. Mkewe hajui kwamba anajua. Alikuwa amelibeba miaka ishirini na mbili bila kumwambia mtu. Mrisho alizichukua dadu zote zilizokuwa mezani, akazitia kwenye mfuko wa shati lake, ili hata kwa bahati mbaya moja isianguke. Kisha akasema, "Sema, ndugu yangu. Sikio limelala." Lukanga alisema hadi jua likaingia upande wa pili wa nyumba. Hatukucheza tena siku hiyo.

"Na Jilala je?" nikamuuliza.

"Jilala ni mtu mzima."

"Na mama yake?"

Akamenya nyingine. "Mrisho alinisikiliza siku ile, hakunikata kauli hata mara moja. Leo sauti yake iko mle ndani pamoja na yangu. Nimwambie nini? Afe tena ili mimi nisiumbuke?" "Mimi pia nataka kumsikia, shemeji. Si wewe peke yako uliyefiwa."

Hilo la mwisho lilinichoma, kwa kuwa kweli nilikuwa nimejifanya nimefiwa peke yangu. Hakuna aliyezigusa dadu, maana tungezigusa tungesikia "Mchome." Alipoondoka alizikusanya karanga zake zilizomenywa akaniachia kwenye sahani, akasema nile, nimekonda.

*

Siku ya thelathini na tisa, alasiri, niliijaza ile fomu. Jina langu, jina la kitabu, mwaka wa kusajiliwa. Nikafika kwenye tamko. Nikaandika: *Mimi mtunzi natamka kwamba tangu mwanzo nilikusudia.* Nikaishia hapo.

Sikukusudia. Huo ndio uongo wa kwanza, na huo ningeuandika bila kope kucheza. Ningeapa uongo mbele ya jaji yeyote ili nimsikie Mrisho akisifia mbuzi asiyekuwepo. Msinione mtu wa maadili. Kwa siku nne nilikuwa tayari kuwaumbua watu wa meza elfu tisini na wake zao.

Lakini nilikuwa na sanduku la barua. Wachezaji huniandikia, na kwa miaka nilizisoma kwa kiburi tu, nikitafuta sifa. Sasa nilizisoma tena. Muuguzi wa Kahama ananishukuru kwa kutoweka dadu kwenye maneno, meza yake ndiyo mahali pekee anapoweza kuwataja waliomfia mikononi. Mzee wa Kasulu, mcheza *Misafara* na wanawe watatu, anasema kwenye msafara ndipo walipomsamehe, na hakufafanua wamemsamehe nini. Nilidhani naandika mchezo wa mapigano ambao hadithi zake ziko huru. Kumbe nilikuwa nimejenga vyumba elfu tisini visivyo na masikio, katika nchi ambayo kila kitu kingine kinasikia. Nilikuwa sahihi katika ule ugomvi. Na Mrisho naye alikuwa sahihi, ndiye aliyekaa kwenye kiti kile akauliza watabaki na nini, na mimi nikamuuliza kama anakufa kesho.

Mwishoni si muuguzi aliyenizuia, wala mzee wa Kasulu. Ni yale maneno, sikio limelala. Aliyemwahidi Lukanga hakuwa mimi. Ningeivunja lakiri, sauti ya kwanza ambayo ningeisikia ni ya mume wangu akiwa amesema uongo, na aliyemfanya mwongo ni mimi.

Sikuipeleka ile fomu. Kesho yake saa sita mchana nilikuwa mezani, kiganja nimekilaza juu ya mbao. Taa ndogo ya mfuko wa pili iliwaka, ikapepesa, ikazimika. Ndani yake alikuwemo mtoza hongo wa Ugogo aliyelizwa na sifa za mbuzi wake. Alikuwemo akiniita Kabu. Zilikuwemo chafya zake za msimu wa maua ya miombo, na wimbo mbovu aliokuwa akiuimba nikichelewa kuchora ramani. Nilidhani nitajisikia nimetenda jema. Nilijisikia nimemzika tena, na safari hii jembe lilikuwa mkononi mwangu.

*

Dua ya arobaini ilisomwa alasiri hiyo. Watu walipoondoka alibaki mama mkwe wangu, Bi Zaituni, aliyekuja kutoka Urambo na kanga mpya aliyokuwa ameitunza kwa siku hiyo. Alikuwa ameambiwa mwanawe karudi. Alinawa mikono, akaomba aoneshwe pa kukaa, nikampeleka mezani. Akakaa wima, mikono mapajani, akasubiri.

Tulisubiri kwa muda mrefu.

"Mbona hanisalimu?" akauliza.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika dakika arobaini na saba za mume wangu hamna shikamoo hata moja. Nani atampa mtu shikamoo katikati ya mapigano? Nilimweleza mama yote, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kuhusu kitabu, na mifuko, na kwamba yalikuwepo mengine, mengi, na kwamba mchana wa leo nimeyaacha yafutwe.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Aliwaahidi watu, mama. Kwamba hawasikiki."

Aliitazama meza. Sikujua kama amenisamehe, na sijui hadi leo. "Sasa huyu aliyebaki," akasema, "afanyweje ndipo aseme?"

"Inatupwa dadu."

"Halafu?"

"Halafu anakuwa ameshambuliwa. Anajibu."

"Anashambuliwa na nani?"

"Na aliyetupa."

Nikamwekea dadu kiganjani. Alizifumba, akazipima uzito, akazisogeza karibu na meza, mkono ukasimama hewani. Ukakaa hapo.

"Huyu mtoto sikuwahi kumnyanyulia mkono," akasema. "Hata siku aliyoniunguzia banda la kuku." Akanirudishia dadu. "Tupa wewe. Mke na mume hugombana."

Nikatupa.

"Njoo!" akapiga kelele Mrisho. "Njoo kama wewe mwanamume! Leo hutoki hapa!"

Bi Zaituni alifumba macho. Aliweka kiganja juu ya meza, pale sauti ilipotokea, akainamisha kichwa kidogo.

"Marahaba, baba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alinyamaza, akimpa nafasi ya kujibu. Nikazikusanya dadu, nikatupa tena.